Ombi Nililolitoa Jumuiyani

Rogath, zima hiyo redio, na wewe Evarista acha kunipepea, ukae unisikie, maana pumzi iliyobaki ni ndogo. Victoria namwona hapo mlangoni. Msimvute ndani, mwacheni palepale.

Wanangu, cherehani iliyoko barazani mtaa wa Msimbazi ni ya Evarista, na vitenge gawaneni msigombane. Sanduku la bati ni la Victoria. Ufunguo wake ni mmoja tu, mtu asimwombe.

Sasa naungama. Dada yenu Selina alipofariki, binti yake, Victoria huyu, alihamia chumbani kwangu, na miezi ile alikuwa anakojoa kitandani, mtoto wa miaka kumi na mitatu. Aliniambia mimi peke yangu, shuka mkononi: "Bibi, usimwambie mtu." Nikamwahidi. Jumanne jumuiya ya kanisa ikasali hapa kwetu, zamu yangu ya kuomba ilipofika nikafumba macho, nikamtaja jina na shida yake, kwa sauti, kina mama wakaitikia. Niliona namsaidia. Na Mungu anisamehe, nilipenda pia wasikie ninavyohangaika na yatima. Kufika Ijumaa watoto wa hapa mtaani Mchafukoge wanamzomea: "Vicky, bomba limepasuka huko?"

Mwaka mzima sasa hajanivunjia adabu. Asubuhi shikamoo, jioni shikamoo, basi. Nilimsikia kwenye ngazi akimwambia mwenzake: "Watu wazima ukiwaambia kitu, wanaenda kumwambia Mungu mbele za watu." Nilitaka kumchapa, mkono ukagoma, kwa sababu ni kweli. Siogopi kaburi, wanangu. Naogopa siku atakapopatwa na jambo kubwa, labda mwanamume amemshika kwa nguvu, aone hakuna mtu mzima wa kuambiwa, akae nalo mpaka limmalize. Akiwajia, fungeni midomo. Hata kwenye sala, fungeni.

Rogath, ukisoma wasifu wangu kanisani usiseme nilikuwa mama wa sala. Sema nilivunja ahadi niliyompa mtoto. Siri yenyewe usiiguse.

Mungu awashike wote, awa... Hapana, maji sitaki. Victoria, mjukuu wangu, shikamoo zako zote nilizipokea bure. Leo nakuamkia mimi. Shikamoo, mama.

Amejibu? Evarista, usimjibie wewe. Nyamazeni... nisikie.