Kanga ya Ghorofa ya Saba

Jumamosi hiyo kijiweni walikuwepo Mzee Zulfikar, mzaliwa wa Mwanza, ambaye wote humwita Mzee Manchesta. Baqir, dereva wa basi la barabara ya Kipling hapa Toronto, jina lake la kijiweni Kanjo, kwa kuwa ujanani alikuwa karani wa baraza la jiji Nairobi na mpaka leo hujibu watu kama ofisi. Josaphat wa Bukavu, anayeitwa Injinia ingawa kazi yake ni kupanga maboksi ghalani karibu na uwanja wa ndege. Na Dative, na binti yake Ella amelala kwenye kigari. Mama Generose, mkwe wa Dative, alikuja mwishoni, kahawa ikiwa imebaki tone. Benchi lenyewe lilikuwa la kanisa. Kanisa lilibomolewa kupisha ghorofa, Josaphat akaliomba benchi, wakalibeba wakaliegemeza kwenye ukuta wa duka la Shakeel, kati ya mlango na mifuko ya unga. Ukikaa hapo unatazamana na jengo la zamani la rangi ya kahawia anakoishi Mzee Manchesta. Siku hizi unatazamana pia na jengo jipya linaloota kati ya barabara na jengo hilo, na juu yake winchi ndefu ya manjano imeinama kama mtu anayechungulia chunguni.

Dative alianza kuja hapo kwa sababu ya usingizi wa mtu mwingine. Mume wake, Destin, hufanya zamu ya usiku, na Jumamosi asubuhi nyumba yao ya chumba kimoja inataka kimya, naye Ella kimya hakijui. Siku ya kwanza Dative alikaa ukingoni mwa benchi, tayari kufukuzwa. Josaphat alisogea bila kuambiwa. Kanjo akaitazama sigara yake, akamtazama mtoto, akaizima. Hakuiwasha tena pale, wala hakulisema jambo hilo. Dative hakulisahau.

Kahawa yao ilikuwa na utaratibu wake. Mzee Manchesta hushuka na chupa ya kwanza, kahawa chungu yenye tangawizi na iliki, pamoja na vikombe vidogo vilivyofungwa kwa kitambaa. Ikielekea kuisha, wote huinua macho hadi ghorofa ya saba. Huko, mkewe, Bi Noorbanu, akishaandaa chupa ya pili hutundika kanga nyekundu yenye michoro ya korosho kwenye chuma cha roshani. Mtu wa kwanza kuiona hupiga kelele, "Bendera imepanda!" na mzee huenda kuichukua. Miaka yote ilikuwa hivyo.

Asubuhi hiyo walizungumzia jengo jipya, maana ndilo lililokuwa mbele ya pua zao.

— Manze, hizo nyumba hakuna mtu huishi, alisema Kanjo. Mimi hupita mjini na basi alfajiri. Maghorofa yamejaa hadi ziwani, taa ni tatu nne. Wenye nyumba wako ng'ambo. Hiyo si nyumba, ni benki imesimama. Kila dirisha ni pesa ya mtu.

— Na akitaka kuitoa? aliuliza Dative.

— Anakuja anang'oa dirisha!

— Kanjo, wewe hauelewi, alisema Josaphat. Mimi nitakuambia kwa nini zinapanda. Unaona ile winchi? Walipandisha namna gani?

— Inapanda na jengo.

— Vizuri. Na kuishusha?

Kanjo akainua macho kwenye winchi.

— Umeona? Hawajui! Wanaongeza ghorofa, wanaongeza ghorofa, juu ya kuona haya tu. Mzungu hawezi kukuambia nimeshindwa kushusha chombo yangu. Ndiyo wazee walisema, mpanda ngazi hushuka.

— Sasa hiyo methali si inasema hushuka?

— Mpanda ngazi! Haikusema mpanda winchi.

Dative alicheka mpaka akashika mkono wa kigari kisitikisike. Josaphat, akiona amepata mtu wa kucheka, akaongeza. Akasema maghorofa yote ya Toronto ni vigingi. Upepo wa ziwani ni mkali, na theluji ikiyeyuka ardhi inakuwa nyepesi kama mkate. Bila vigingi mji wote ungeinuliwa kama hema na kutupwa Amerika.

— Na sisi huku Rexdale, mbali na ziwa? aliuliza Kanjo.

— Ndiyo maana walitupatia maghorofa mafupi! Huku upepo unafika umechoka.

— Basi hili jipya ni la nini, kama upepo umechoka?

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Josaphat kwa heshima kubwa, na hakuna aliyejua amejibu nini.

Kwa kawaida hapo ndipo Mzee Manchesta angeingia. Yeye ndiye mwenye mji wa kulinganisha. Angesema, "Nyinyi mnaita hili jengo? Kule Manchesta..." na wangemzomea kwa upendo. Leo hakusema. Dative aliona kwamba ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili, kama mtu anayeota moto, na macho yake hayakuwa kwenye winchi. Yalikuwa chini yake kidogo, palipobaki uwazi mwembamba kati ya nguzo za jengo jipya. Katika uwazi huo roshani ya ghorofa ya saba ilionekana nusu. Wiki iliyopita ilionekana nzima.

— Baba, alisema Dative polepole, leo hutuambii ya Manchesta?

Mzee akatoa simu mfukoni. Akawapa picha aliyotumiwa na mpwa wake, Azim, aliyebaki Uingereza. Maghorofa ya vioo, marefu, membamba, yamesimama pamoja kama kalamu kwenye kopo.

— Huu ndio mji wangu. Nimeutazama juzi na jana. Sikuona mahali pangu hata pamoja.

— Umekuwa kama huku tu, alisema Kanjo.

— Sisi tulipofika, anga ya kule ilikuwa ya madohani. Mabomba ya viwanda, ya matofali, meusi kwa masizi. Huulizi mtu njia. Unatazama juu, unasema, lile lenye mkanda mweupe ni letu, basi nyumbani ni kushoto. Walipoanza kuyaangusha, watu walitoka na viti na chai kutazama. Wazee wa Kiingereza wakavua kofia, kama maiti inapita.

— Walililia bomba la moshi? aliuliza Josaphat.

— Lilikuwa limewalisha, bwana.

Akajaribu kunywa kutoka kikombe kitupu. Dative akammiminia, na hapo chupa ikatoa ule mlio wa kukaribia mwisho. Mzee akaendelea, na mara hii hakuna aliyemzomea.

— Noorbanu alikuwa bibi harusi mbichi. Kiingereza hana, jirani hana, baridi hajapata kuiona. Tumepanga chumba ng'ambo ya mfereji, mimi niko kiwandani, nabeba marobota ya nyuzi. Kutwa nzima sijui kama amekula au analia. Siku moja akasema, "Nitatundika kanga dirishani. Ukiiona, ujue nimeamka, nimewasha moto, nipo." Lakini mimi nilikuwa nafanya kazi chini, nimeelekea ukuta. Nilikuwa nadanganya kwenda msalani ili nichungulie.

— Wakakufukuza? aliuliza Kanjo.

— Msimamizi alikuwa Mwingereza mmoja, uso kama kiatu. Akanikuta nachungulia, nikajua leo nimekwisha. Akanishika bega, akanipandisha juu, akanipanga kwenye dirisha la kupakulia mizigo. Hakusema kitu. Nikafikiri ni adhabu, maana pale upepo unakata. Kisha nikatazama nje, nikaona mfereji, nikaona nyumba yetu, nikaona kanga.

Kanjo akasogea mbele kwenye benchi.

— Siku moja haikuwepo, mzee akasema. Niliacha robota hewani. Nilikimbia daraja lote. Nikamkuta amelala, kanga ameifua, inakauka karibu na jiko. Nikarudi nikitegemea kufukuzwa. Yule msimamizi hakuniuliza nilikokwenda. Aliuliza tu, mke wako hajambo? Kumbe na yeye alikuwa anaitazama kila siku.

Gari la zege likapita, likanguruma, Ella akajikunja na kulala tena. Josaphat akavua koti lake, akalitandika juu ya kigari upande wa barabara.

— Tangu moyo wa Noorbanu ulipomsumbua kipupwe kimoja, mimi nashuka hapa kwa sababu ananifukuza, alisema mzee. Ananiambia nenda ukacheke. Nakuja, nacheka, lakini jicho moja liko kule. Sasa tazameni. Ghorofa moja zaidi na roshani imekwenda.

Wote wakatazama. Ilikuwa kweli. Na Dative akaona haya kidogo, maana walikuwa wamecheka na winchi asubuhi yote, na winchi hiyo ndiyo iliyokuwa inamfunika mke wa mtu.

— Mzae, simu iko, alisema Kanjo, kwa sauti ya chini isiyo yake. Akupigie tu.

— Simu itaniambia anataka nini. Kanga huniambia yupo.

Hapo kijiwe kikafanya kinachokijua, kikatafuta dawa. Kanjo akasema ataandika barua kwa halmashauri, kwa lugha yao, adai jengo liachiwe tundu katikati, na alijua ibara ya sheria. Josaphat akasema kioo. Kioo kikubwa kifungwe kwenye mkono wa winchi, kiinamishwe, mzee aone roshani hata kama jengo litafika mbinguni. Kanjo akasema winchi huzunguka. Josaphat akasema basi mzee ataona Rexdale yote, na Bi Noorbanu atapita kila baada ya dakika chache kama mwezi. Kanjo akasema ni afadhali njiwa. Josaphat akasema njiwa wa Kanada hawana nidhamu.

— Asiyekuwepo na lake halipo! alifoka Kanjo, akimaanisha, pengine, wenye jengo.

Mzee alicheka. Kidogo, lakini alicheka, na Dative akajua kwamba wale wawili walikuwa wakipigania hicho kicheko tu.

Ndipo Mama Generose alipotokea upande wa duka, kitenge chake juu ya sweta la Destin, viatu vya ndani miguuni. Alikuwa ametoka Buyenzi, Bujumbura, wiki hiyo hiyo, na bado alikuwa akiamka saa za ajabu.

— Nimeamka, mjukuu hayupo! Nikasema, mkwe wangu kaenda kumwuza.

— Karibu mama, alisema Dative akisimama kumpisha. Nilitaka upumzike.

— Nitapumzika nikizikwa. Asalaam aleikum nyote, bwana asifiwe nyote, sijui nani ni nani.

Wakacheka, wakamwitikia salamu zote mbili. Josaphat akasogea. Kanjo akafuta kikombe. Mzee Manchesta mwenyewe akainamisha chupa, ikatoa nusu ya kikombe na ungaunga, akaomba radhi. Kisha, kwa pamoja na kwa kelele, wakamweleza mgeni habari yote: roshani ile, kanga, jengo, barua, kioo, njiwa. Mama Generose alisikiliza huku akinywa. Alipomaliza alipindua kikombe akatazama ndani.

— Hii kahawa ina mkono. Kaipika nani?

— Bi Noorbanu, alisema mzee, na akanyoosha kidole. Yule wa kule juu. Hupika kila Jumamosi.

— Miaka mingi?

— Mingi, alisema Josaphat. Tangu benchi lifike.

— Na mbona yeye haji kuinywa?

Kanjo alikichezea kikombe chake. Josaphat alitazama viatu vyake.

— Magoti... alianza mzee.

— Jengo halina lifti?

— Ipo.

— Haendi popote?

— Ijumaa tunakwenda kuswali jamatkhana. Na sokoni huenda.

— Basi mlimwita akakataa.

Dative alitafuta moyoni siku ambayo mmoja wao alisema, hebu tumkaribishe, hakuiona. Hata yeye, mwanamke pekee pale, aliyepewa nafasi bila kuomba, aliyekumbuka hata sigara iliyozimwa kwa ajili ya mtoto wake, hakuwahi kumfikiria mwanamke wa pili. Asiyekuwepo na lake halipo, Kanjo alisema. Lakini la Bi Noorbanu lilikuwepo siku zote. Walikuwa wamelishika mikononi, kwenye vikombe.

— Mimi nilidhani anapenda kukaa kwake, alisema mzee taratibu. Alikuwa anatundika kanga, nikadhani...

Kule juu, katika ule uwazi mwembamba, kitambaa chekundu kilichomoza, nusu, kikapepea.

Hakuna aliyepiga kelele ya bendera. Mzee Zulfikar alisimama, akaweka kikombe chini, akanyoosha shati lake kwa viganja kama mtu anayekwenda kuposa. Kanjo naye akasimama, akasema chupa ni nzito, atamsaidia kubeba. Haikuwa nzito. Josaphat akavua kofia yake na kuanza kulifuta benchi, kuanzia kati.

Ghorofa ya saba ilizibwa kabisa kabla ya theluji ya kwanza. Wakati huo kanga ilikuwa mabegani mwa Bi Noorbanu, naye alikuwa ameketi kati ya Josaphat na Mama Generose, akilalamika kwamba benchi ni gumu na kwamba miaka yote hii wamekuwa wakimimina kahawa kabla haijatulia.