Kifuniko Chini ya Tumbo la Ndege

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi. Mkuu wa Kikosi cha Anga. Mkuu wa Karakana, bosi wangu mpaka saa kumi leo jioni. Ndugu wageni waalikwa. Mafundi wenzangu mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vyote vimechukuliwa na wakubwa. Na wewe mume wangu, uliyevumilia miaka yote hii mke anayenuka mafuta ya ndege: habari za mchana.

Nimeambiwa nizungumze dakika tano na nisiulize maswali. Dakika tano nitajitahidi. Hilo la pili, aliyenipa sharti hanijui. Hapa karakana naitwa Mama Kwanini, na jina hilo nimelitolea jasho. Siku yangu ya kwanza kazini, fundi mkuu wa wakati ule alinitaka niache maswali nishike spana. Spana nikashika, maswali nikaendelea nayo.

Kwanza, Mheshimiwa, nakupongeza. Ndege zetu za kivita za sasa zina umri mkubwa kuliko marubani wanaozirusha, na wewe ni waziri wa kwanza kupiga magoti na suti yako ukazitazama kwa chini, ukachafuka. Wenzako waliotangulia waliishia kupiga picha kwenye ngazi. Ndiyo maana nathubutu kukueleza jambo linalonikereketa tangu wauzaji walipotuletea ndege yao mpya tuione.

Mnakumbuka siku ile? Wageni walitaka kujua mwendo wake. Waandishi wa habari walitaka kujua bei, wakatajiwa bei ya kuinunua, na hakuna aliyeuliza kuirusha saa moja tu kunagharimu kiasi gani. Mimi niliizunguka taratibu, nikaigusa, na nitasema ukweli, niliipenda. Kisha nikaona chini ya tumbo lake kifuniko kilichofungwa kwa lakiri ya kiwanda. Nikamwomba mhandisi wao anifungulie nichungulie. Akanieleza kwa upole kwamba ndani mle mna kompyuta inayoongoza ndege nzima, na kwamba kwa mujibu wa mkataba kifuniko kile kinafunguliwa na wao peke yao. Nikataka kujua, ikiharibika, watachukua muda gani kufika.

"Wiki mbili, mama," akanijibu, "kama uhusiano wa serikali zetu ni mzuri."

"Na ukiwa mbaya?"

Akacheka. Akanipa kalamu yenye nembo ya kampuni yao.

Ndugu zangu, kalamu ninayo, jibu sina. Siulizi kwa ubaya, wala sisemi tusinunue. Nataka kujua tu. Mtu asiyeruhusiwa kuifungua ndege yake, ndege hiyo ni ya nani? Tukitofautiana na wauzaji kwenye mkutano fulani wa mbali, kwa jambo ambalo mafundi hawa hawajalisikia hata redioni, ndege zitaruka? Mheshimiwa, naona Katibu wa wizara yako anakunong'oneza. Mwache amalize, mimi sina haraka, nastaafu.

Mkataba unasainiwa Jumatatu. Kati ya marubani sita waliochaguliwa kuzirusha ndege hizo, mmoja ni binti yangu, kitinda mimba wangu. Amekaa pale safu ya pili na ananikodolea macho ninyamaze. Nisamehe, mwanangu, naogopa.

Katika kazi yetu, hakuna ndege inayotoka hapa mpaka fundi aliyeikagua aandike jina lake kwenye daftari. Rubani analisoma, anamjua mtu huyo, ndipo anapanda. Nimeandika jina langu humo mara ambazo siwezi kuzihesabu, na sijawahi kuliandika kwa kitu ambacho sikukiona kwa macho yangu. Mafundi hawa niliowafundisha nao hawataandika. Nawajua, ni wabishi, na nawashukuru kwa ubishi huo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla hujasaini, waombe wauzaji wawafundishe mafundi wetu kukifungua kifuniko kile, na liandikwe hilo kwenye mkataba. Wakikataa, waulize kwa niaba ya mama mmoja tu: siku binti yangu atakapofungua lile daftari kabla ya kupanda, atasoma jina la nani?

Nimemaliza. Asanteni nyote kwa kunivumilia.