Boksi Lisilowahi Kuzima

Benchi letu liko Riruta, mkabala na lango la Mzee Thuo: ubao mmoja, mawe mawili, na birika la kahawa chungu katikati. Jumamosi hiyo nyumba ya Thuo, aliyoachiwa na babake, ilikuwa imepotewa na stima mara tatu kabla ya saa nne. Jana yake Thuo alikuwa amempa Nanjala kazi yake ya kwanza tangu apate leseni: ang'oe boksi la zamani la fyuzi, aweke jipya. Nanjala ni binti ya Sifuna, na Sifuna ndiye aliyelitunza lile la zamani miaka kumi na minane. Ndiyo maana tunamwita Stima. Sijaona mtu akijivunia kitu namna ile. Obuya, mpangaji wa Thuo, tunamwita Redio, na mkimsikiliza mtajua kwa nini.

THUO: Stima, nakwambia mapema. Ikizima tena, msichana wako arudishe ile ya zamani, na mimi nitafute fundi mwingine.

STIMA: Mimi nimenyamaza, Mzee. Lakini ile yangu ilizima lini?

THUO: Haijawahi.

STIMA: Hata siku transfoma ya mtaa ililipuka, boksi yangu ilisimama tu, inangoja stima irudi.

REDIO: Hii mpya imezoea mitaa ya matajiri, Muthangari. Ikisikia harufu ya samaki wetu wa omena, inajizima.

STIMA: Ni laini. Imetengenezwa na watu wanalala saa mbili.

REDIO: Ama inatupeleleza! Inahesabu watu kwa nyumba. Jana mpangaji mwenzangu, Mama Nyakio, alileta wageni sita, ikazima. Leo nimeingia kuoga, nikawa wa saba, ikazima tena! Sabuni kwa macho, patipati moja ya mpira imepotea, nikatoka nikiruka na mguu mmoja.

THUO: Si ungetoka bila?

REDIO: Bila patipati? Hiyo bomba ya shawa ya stima inakuuma mpaka meno!

STIMA: Inauma kidogo tu. Kuna mtu amekufa?

Tukakubaliana kwamba hakuna.

THUO: Hata mjukuu wangu Debra, miaka minne tu, anajua. Patipati kwanza, sabuni baadaye. Huyo mtoto ana akili!

Tulikuwa bado tunamsifu Debra wakati Nanjala alipotoka langoni, vumbi hadi kwenye nyusi, mfuko wa vifaa begani, amekumbatia boksi la zamani.

NANJALA: Mko poa, wazee?

Akaliweka chini mbele ya babake, akalifungua. Mahali pa waya mwembamba wa fyuzi, ule unaotakiwa kukatika stima ikizidi, palikuwa na kipande kinene cha waya wa hanga ya nguo. Stima aliitambua kazi ya mkono wake. Akakohoa.

NANJALA: Mzee Thuo, nimewasikia kutoka ndani. Kabla nirudishe hii, naomba niulize kitu moja.

THUO: Uliza.

NANJALA: Kwa hii nyumba yako, kwa nini watu huoga na patipati?

Nilimtazama Redio. Redio alikuwa akitazama miguu yake.

NANJALA: Ile stima ya shawa inaingia kwa maji. Boksi mpya ikisikia tu, inazima. Hii ya Baba haikuwa inasikia kitu.

Thuo aligeuka kulitazama dirisha la bafu.

THUO: Hiyo mpya isiguswe. Na hiyo shawa itoke leo.

Tulimngoja Stima ajitetee. Alitoa kile kipande cha hanga, akakitia mfukoni. Kisha akainuka, akapangusa nafasi yake kwa kofia, ile nafasi ya kuegemea ukuta ambayo hajawahi kumwachia mtu, hata mwenye nyumba.

STIMA: Fundi, keti hapa unywe kahawa.

Hakuwahi kumwita hivyo. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyaficha. Hata mimi nilijivuna, na binti si wangu.

NANJALA: Kazi haijaisha, Baba.

STIMA: Basi leta huo mfuko nikubebee.

Wakaingia langoni, fundi mbele.