Wa Nane kwenye Sinia

Motaboti ilipoiacha Mokowe, Twahir, aliyekuwa akienda Lamu kwenye mtihani wa ualimu, alimlalamikia bibi aliyeketi naye: “Florini na klorini zote zina elektroni saba ukingoni, na kiini chavuta ya nane. Mbona florini, iliyo ndogo, ikiipokea hutoa nishati kidogo kuliko klorini?”

“Mwanangu, sinia dogo la wali likizungukwa na watu saba, wa nane atakaa kiwikoni mwa nani?”

“Basi iodini, sinia pana kabisa, ingezishinda zote!”

Nyuma yao Swafiya, aliyeachia shule darasa la nne, akajisikia akisema ndani ya buibui: “Hapo wali wa katikati uko mbali, mkono haufiki.”

Bibi akacheka hadi akashika ubavu. “Mtihani akafanye huyu!”

Twahir akafungua kinywa kubisha, lakini motaboti ilikuwa imeshagusa gati. Alishuka amenyoosha mkono hewani, akiupima wali.