Inga Nygaard na Alama ya Kukoma

Marehemu Inga Thomsen Nygaard alizaliwa tarehe 9 Machi 1934 mjini Solvang, California, akiwa mtoto wa tatu wa mwoka mikate Anders Thomsen na mkewe Kirstine, akasoma huko huko hadi alipomaliza sekondari Juni 1952.

Mwaka 1955 alihamia Pasadena, akaajiriwa katika maabara ya elimu ya urithi wa viumbe, kwanza kuosha vyombo, kisha kuchokoa virusi kwenye sahani za kuoteshea bakteria kwa vijiti vya meno, kimoja kimoja, kazi ambayo wasomi waliikimbia kwa kuwa inaumiza macho.

Tarehe 4 Agosti 1958 alifunga ndoa na Carl Nygaard, fundi bomba, wakajaliwa watoto wawili, Peder na Ruth.

Wakati ule maabara ilitafuta alama, yaani amri inayoiambia chembe hai ikome kuunda protini, na mila yao ilikuwa kwamba aliyechokoa sahani ndiye ambaye jina lake hupewa kitakachoonekana, hivyo Daktari Prescott Hale akamwambia, "Dada Inga, maliza hizi elfu mbili, alama tukiipata ni yako," naye akazimaliza akiwa na mimba ya Ruth, na Novemba 1962 ndiye aliyeona virusi vile vile vikifa kwenye bakteria wa aina moja na kustawi kwenye wa aina nyingine, yaani amri ya kukoma ilitiiwa huku na kupuuzwa kule.

Katika kikao cha Ijumaa daktari aliipa alama hiyo jina la mbwa wake, Buster, watu wakacheka, na Leona Pruitt wa chumba cha kuoshea vyombo alipomwuliza Inga, "Na wewe unanyamaza tu, mwenzangu?" yeye, ambaye ndiye aliyekuwa akimwekea mbwa huyo maji, akajibu, "Mbwa hana kosa, Leona, lakini mimi sichokoi tena."

Aliondoka siku hiyo, hakutajwa hata kwenye shukrani za makala iliyotangaza alama hiyo, akapika katika jiko la shule kwa miaka thelathini na mmoja, na alipoulizwa kazi ya ujana wake alisema aliosha vyombo.

Aliugua mapafu tangu 2007, akafariki tarehe 14 Februari 2009 saa nne asubuhi, Ruth akiwa amemshika mkono.

Familia inamshukuru Daktari Okada, muuguzi Fern aliyepasha viganja vyake moto kabla ya kumgusa, majirani waliomkatia nyasi bila kuombwa, na Bi Leona, aliyepanda mabasi mawili kufika hapa leo, maabara nayo imeleta shada, kadi yake imeandikwa "Kwa mfanyakazi wetu wa zamani."

Alikuwa na jina. Inga Thomsen Nygaard, pumzika sasa kwa amani.