Swali la Pili la Mma Ramosweu

Tarehe 30 Septemba Mma Keneilwe Ramosweu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, kumi na tisa kati yake hapa Kliniki ya Mokgalo, katika chumba namba tatu ambacho wagonjwa hukiita Chumba cha Vichwa. Wiki iliyopita, akifunga vitu vyake, aliuliza jambo moja tu: nani atauliza swali la pili?

Alipofika hapa, kila aliyeumwa kichwa alipewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Yeye akaanza kugawa kalenda. Siku ya maumivu unatia alama, kila dawa unatia nukta. Mwalimu Otukile alirudi na kalenda yenye madoa kama kanga. Akaelezwa kwamba ile dawa ya unga ya kichwa anayoilamba kila asubuhi na chai ndiyo sasa inayomrudishia maumivu, na kwamba aiache. Alinuna wiki mbili, akatishia kumwandikia waziri. Wiki ya sita alileta sufuria ya seswaa, nyama ya kupondwa.

Wenye kipandauso aliwatengea stoo ya maboksi, akatundika blanketi dirishani, na hakuna aliyeruhusiwa kuburuta kiti karibu nayo, hata daktari. Kina mama wa kanisa waliolalamika kubanwa paji la uso walijua watakachoambiwa: "Legeza kitambaa kwanza, mma. Mungu atakusikia hivyo hivyo."

Julai mwaka jana Rra Sebina alifika kutoka kwenye kambi yake ya ng'ombe. Karani wa mapokezi, ambaye ndiye anayeandika haya, alimsalimia. Mzee akajibu kama tunavyojibu sote, kwamba yupo, ni mzima, ila kichwa kidogo. Karani akaandika "kichwa, hali nzuri" na kumpa nafasi ya ishirini na sita. Mma Ramosweu alikuwa akipita na kikombe chake cha chai. Alimwona mzee ameketi bila kugeuza shingo, akachuchumaa mbele yake.

"Rra, salamu tumemaliza. Sasa niambie, kilianza polepole au ghafla?"

"Ghafla, mwanangu. Nilikuwa nafunga zizi. Nilidhani ng'ombe kanipiga teke."

Ambulensi iliondoka naye kabla chai haijapoa. Damu ilikuwa imevuja ndani ya kichwa. Alifanyiwa upasuaji, na leo zizi analifunga mwenyewe.

Karani alingoja barua ya onyo. Alichokikuta ni kadi iliyobandikwa dirishani pake, kwa mwandiko wa Mma Ramosweu: "Wakishasema ni wazima, uliza tena. Ghafla? Homa na shingo ngumu? Ameanguka? Mjamzito?" Kosa lile hakumsimulia mtu. Karani ndiye anayelisimulia leo.

Asante, Mma. Nenda ukapalilie matikiti yako, na wajukuu wapige kelele kwa kiasi. Kadi bado ipo dirishani. Tangu Julai ile karani amemuuliza kila mgonjwa wa kichwa, na wawili wamevushwa mbele ya foleni kwa sababu hiyo. Wote wawili wamerudi kukusalimia, na safari hii ni wazima kweli. Pula, mvua na baraka!