Sauti Sitini na Nne za Mama Yake Libère

Aliyesimulia habari hii kwanza ni Xavérine, mkewe Libère, Jumapili ya pili ya Februari 2024, baada ya misa. Alisema mumewe, fundi cherehani wa Nyamirambo, hakushona hata kifungo Alhamisi ile. Binamu yake Audace, aliyeko Ubelgiji, alikuwa ameweka mtandaoni rekodi ndefu sitini na nne za marehemu mama yake Libère akitaja jamaa mmoja mmoja. Aliziacha wazi kwa yeyote mwenye kiungo, lakini Ijumaa angefunga akaunti. Libère alikuwa amepakua tatu tu, kwa simu, kwa shida. Basi mpwa wake Kirezi akaja na kompyuta kwenye benchi la kahawa, akaandika skripti fupi ya kuvuta zote kwa mpigo. Zikaja upesi mno. Hakuna hata moja iliyotoa sauti.

— Zote nyepesi, mjomba, na zina uzito mmoja, alisema Kirezi.

— Zimeganda, alisema Munyakazi, aliyeitwa Redio kwa kuwa alizitengeneza zamani. Sauti ya marehemu inashika baridi ya Ulaya.

— Wapi, mzee! alisema Keith wa pikipiki, aitwaye Kampala kwa kuwa alikulia huko. Iko mtu huko anazisikiliza kwanza!

— Mtu gani asikilize habari za shangazi zangu? aliuliza Libère.

— Sha, rafiki yangu, mtu wa mshahara, alisema Kampala.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Redio. Rudi kwenye kidole chako, uzipakue moja moja.

— Kesho ni Ijumaa, Redio. Mama akianza hizo habari nilikuwa namkatiza. Namwambia niko na kazi.

Redio akamsogezea kikombe chake mwenyewe.

Kirezi akafungua faili moja kama maandishi, akajipiga paji la uso.

— Kosa langu. Huu ni ukurasa wa onyo: faili ni kubwa, haikukaguliwa virusi, uendelee? Mtu angebonyeza ndiyo. Skripti haikujibu, ikahifadhi lile swali kila mara.

— Yee! Tumebishiwa hodi mara sitini, hatukuitika! alisema Kampala.

Kirezi akaongeza mstari wa kuitikia. Sasa faili zikaja polepole, kila moja na uzito wake. Libère akafungua ya kwanza. Mama akasema, “Gatera ndiye mkubwa wao. Andika, Audace.” Nyuma yake mwanamke akacheka. Libère akafunika macho kwa kiganja.

Ingrid, jirani mpya aliyekuja kununua kahawa, alisimama akasikiliza.

— Huyo anayecheka ni nani?

Libère akairudia mara nne. Akampigia Audace.

— Mimi nilidhani wewe unamjua, alisema Audace. Nilimrekodi kwa simu tu, nikiwa huku.

Hadi leo Libère na Xavérine wako hai. Kirezi pia, na Kampala, Audace na Ingrid. Redio alifariki Juni iliyofuata. Aliyecheka hajajulikana, kwa hiyo hajaandikwa upande wowote, wa walio hai wala wa waliofariki.